Sola ya roshani kwa mpangaji wa Ujerumani: kuanzia mita hadi gari la umeme

Ndugu zetu huku Ujerumani, ninapowafungia sola, hawaanzi kuuliza bei wala waya. Wanauliza: "Fundi, umeme ukikatika, hii itawasha taa?" Haitawasha. Naanza na jibu hilo kwa sababu wengi wetu tuliijua sola Singida, Kitui au Bukavu, ambako paneli hupanda juu ya bati kwa kuwa gridi haijafika, au imefika lakini haitabiriki. Kifaa ambacho Wajerumani wanakiita Balkonkraftwerk, yaani paneli chache za roshani zinazochomekwa kwenye soketi ya kawaida, kina kazi moja tu: kupunguza uniti (kilowati-saa) unazonunua. Inverta yake, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe kama ule wa soketi, hufuata umeme wa gridi, na gridi ikizima, nayo hujizima papo hapo, ili fundi anayetengeneza laini huko nje asikutane na umeme unaotoka kwako. Na kusema kweli, giza huku ni nadra. Kwa wastani mteja hukatikiwa umeme kama dakika 12 kwa mwaka mzima.

Mwongozo huu ni wa mpangaji wa ghorofa mwenye roshani. Mwenye paa lake ana hesabu nyingine, na anahitaji fundi aliyesajiliwa.

Hatua ya 1: Soma mita kabla ya kwenda dukani

Watu huanza na wati za paneli. Wewe anza na umeme unaotumia mchana, maana hapo ndipo pesa ilipo. Kinachozalishwa bila kutumika saa hiyohiyo kinakwenda kwenye gridi, na kwa vifaa hivi vidogo karibu kila mtu hukitoa bure.

Siku ya kazi, andika uniti zinazoonyeshwa na mita unapotoka asubuhi (mita nyingi ziko kwenye Keller, chini ya jengo), uandike tena jioni, kisha gawa tofauti kwa idadi ya saa na uzidishe kwa 1,000 upate wati. Tuseme umepata wati 150: friji, ruta, na tivii iliyoachwa kwenye stendibai. Hizo 150 ndizo jua litakazokulipia kila siku lionekanapo. Nyumba ambayo mtu anafanyia kazi mezani kwake, au ina watoto wadogo na jiko linawaka mchana, itavuna zaidi kuliko nyumba inayofungwa saa moja asubuhi. Mashine ya kufulia iwashe saa sita. Mazoea ya kufua usiku yaache.

Hatua ya 2: Roshani yako inatazama wapi?

Dar es Salaam jua la saa sita halitoki mbali na utosi, na paneli ukiilaza karibu bapa inafanya kazi. Berlin jua halifiki utosini hata siku moja. Mwezi Juni saa sita hupanda hadi nyuzi 61 hivi. Desemba nyuzi 14 tu, basi limekwisha. Na saa sita daima liko kusini. Fungua dira ya simu: roshani ya kusini ni bora, ya magharibi inamfaa anayerudi nyumbani alasiri, ya mashariki inamfaa mpikaji wa asubuhi. Ya kaskazini achana nayo, hata muuzaji akikuapia.

Kilowati moja ya paneli zilizosimama wima zikitazama kusini hutoa takriban uniti 600 hadi 700 kwa mwaka. Ukiweza kuziinamisha kidogo, chini zikitokeza nje, utapata zaidi. Kuwa macho na kivuli: mti wa jirani, roshani ya juu yako. Baridi yenyewe isikutie hofu, kwa sababu paneli hufanya kazi vizuri zaidi ikiwa haijapata joto. Aprili yenye anga safi na upepo wa baridi huleta vilele vizuri sana vya uzalishaji.

Hesabu basi. Paneli mbili zenye jumla ya wati 900, wima, kusini: uniti kama 600. Ukitumia nusu mwenyewe, ni uniti 300. Kwa senti 35 kila uniti, umeokoa euro 105 kwa mwaka. Seti ya euro 400 itarudisha pesa yake kwa takriban miaka minne. Ukipanga kuhama nchi mwakani, usinunue.

Hatua ya 3: Barua kwa mwenye nyumba

Hapa ndipo wengi wetu tunateleza, kwa sababu tumezoea kumalizana kwa mdomo pale mlangoni. Tangu Oktoba 2024, kifungu cha 554 cha BGB, yaani sheria ya madai ya Ujerumani, kinampa mpangaji haki ya kudai ruhusa ya kufunga sola ya aina hii. Zingatia: haki ya kudai ruhusa. Ruhusa yenyewe bado unaiomba, na mwenye nyumba anaweza kuwa na la kusema kuhusu namna ya kufunga. Kukukatalia anahitaji sababu ya maana. Kutopenda sura ya paneli peke yake hakumtoshi.

Sentensi ya kuanzia barua, inayoomba idhini ya kufunga sola ya kuchomeka kwenye roshani yako kwa kifungu hicho, ni hii:

*Hiermit bitte ich um Ihre Zustimmung zur Installation eines Steckersolargeräts auf meinem Balkon gemäß § 554 BGB.*

Ambatisha picha ya roshani, karatasi ya maelezo ya kifaa, maelezo kwamba hutatoboa ukuta, na uthibitisho wa bima yako ya Haftpflicht, ile inayolipia hasara unayomsababishia mtu mwingine. Hiyo bima piga simu uwaulize waziwazi kama inagusa sola ya roshani, na wakujibu kwa barua pepe. Paneli ikimwangukia mpita njia, maneno ya simu hayatakusaidia. Kisha subiri jibu la maandishi. Usifunge kwanza ukategemea kuomba radhi baadaye.

Hatua ya 4: Kununua

Tangu Mei 2024 inverta inaruhusiwa kutoa hadi wati 800 (zamani ilikuwa 600), na paneli zote kwa pamoja zisizidi wati 2,000. Tafuta cheti chenye maandishi VDE-AR-N 4105, kanuni ya Ujerumani ya kuunganisha vifaa kama hivi kwenye gridi, kwenye inverta. Kama hakipo, rudisha. Kodi ya ongezeko la thamani kwa sola za nyumbani ni asilimia sifuri tangu Januari 2023, kwa hiyo ankara ikikuonyesha asilimia 19, uliza kabla hujalipa.

Betri? Kwa nyumba inayokaa tupu mchana inaweza kuwa na maana. Kwa wengine nasema kaa na seti ya kawaida mwaka mmoja, uone unapoteza kiasi gani, ndipo uamue.

Hatua ya 5: Kufunga

Muwe wawili. Paneli moja ya kioo ina uzito wa zaidi ya kilo 20, na upepo wa ghorofa ya nne si ule wa chini. Tumia vishikio na mikanda ya chuma cha pua iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Zile kamba za plastiki za kufungia waya huliwa na jua mpaka zikatike zenyewe.

Unganisha kwanza waya za paneli kwenye inverta. Inverta ikae kivulini, nyuma ya paneli. Mwisho kabisa ndipo uchomeke plagi, moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Ekstensheni yenye matundu mengi hapana, hata kwa siku moja. Kama jengo ni la zamani na soketi imelegea au ina weusi, mwite fundi umeme aitazame kwanza.

Kuna wanaohofia kwamba soketi ya roshani iko fezi moja (mmoja wa mikondo mitatu ya umeme inayoingia nyumbani) na friji iko nyingine, hivyo umeme hautafika. Mita za huku hujumlisha fezi zote tatu, kwa hiyo bili haioni tofauti.

Hatua ya 6: Usajili

Ndani ya mwezi mmoja tangu uwashe, jiandikishe kwenye Marktstammdatenregister, daftari la mitambo ya umeme kwenye tovuti ya Bundesnetzagentur, mamlaka inayosimamia gridi. Ni bure. Uwe na tarehe ya kuwasha, wati za paneli, wati za inverta na namba ya mita. Kuiandikia kampuni ya gridi kando hakuhitajiki tena. Ukiwa na mita nyeusi ya kale yenye kisahani kinachozunguka, huenda ukakiona kinarudi nyuma. Sheria inavumilia hilo mpaka waje kuibadilisha.

Na gari la umeme je?

Linakuja swali hili kila mara, na jibu lake linawasikitisha watu. Chaja ya gari haiwezi kwenda chini ya ampea 6; kwa volti 230 ni wati 1,380. Roshani yako inatoa 800 siku ikiwa nzuri. Kwa hiyo jua litachangia, na gridi itajazia kilichobaki, nawe utakilipia. Zile uniti 300 zinazokuponyoka, hata ukizikusanya zote, gari linalokula uniti 18 kwa kilomita 100 litaenda kilomita kama 1,670 kwa mwaka.

Kuchajia kwenye soketi ya kawaida kunawezekana kwa ampea 10, yaani kilowati 2.3: usiku wa saa kumi unakupa kilomita mia na ushee. Iwe ni dharura tu, kwa sababu soketi hizo hazikuundwa kubeba mzigo huo usiku baada ya usiku. Kama una sehemu ya kuegesha uliyopangishwa, kifungu kilekile cha 554 kinakupa haki ya kuomba chaja ya ukutani, na haki hiyo ipo tangu Desemba 2020. Kuifunga ni kazi ya fundi aliyesajiliwa. Chukua ya kilowati 11: unatoa taarifa tu kwa kampuni ya gridi, wakati inayozidi kilowati 12 inahitaji kibali. Zilizofungwa tangu Januari 2024 zinaweza kupunguzwa hadi kilowati 4.2 gridi ikielemewa, na wewe unapunguziwa ada ya gridi. Dai punguzo hilo kwa anayekuuzia umeme. Usipolikuta kwenye bili, mwandikie.

Ukihama

Ndani ya Ujerumani, fungua, beba, badilisha anwani kwenye usajili, na barua kwa mwenye nyumba mpya unaanza upya. Ukirudi Afrika Mashariki, seti iuze hukuhuku. Ile inverta inahitaji gridi ili ifanye kazi, kwa hiyo umeme ukikatika Mwanza nayo inakufa, na baadhi ya mita za malipo ya kabla huhesabu umeme unaotoka nyumbani kana kwamba umeutumia. Nyumbani nunua inverta ya haibridi (inayofanya kazi na gridi na pia na betri) na betri yenyewe, uzinunue kwa muuzaji wa hapohapo ambaye utampata dukani siku kitu kikiharibika.