Namna ya Kuitazama "Las Meninas" Bila Kudanganywa na Kioo

Picha hii ya Diego Velázquez, aliyoichora mwaka 1656 katika kasri la Alcázar na ambayo sasa imo katika jumba la makumbusho la Prado, Madrid, humvuta kila mtu kwa Margarita, binti mfalme wa miaka 5 anayeng'aa katikati akiwa amezungukwa na mabinti wa kiungwana wanaomhudumia. Mwache kwanza mtoto huyo. Fuata macho ya watu waliomo, nawe utaona kwamba Margarita, mchoraji mwenyewe aliye mbele ya turubai tunayoiona mgongo tu, na hata José Nieto, mtumishi wa malkia aliye mlangoni kule nyuma, wanakutazama wewe.

Wanamtazama nani hasa? Ukutani mna kioo chenye sura za Mfalme Felipe wa Nne wa Hispania na Malkia Mariana, na jibu la haraka ni kwamba wawili hao wamesimama palepale uliposimama, na kioo kinawaonyesha. Usiliridhie jibu hilo kabla ya kulipima.

Chukua nakala ya picha, penseli na rula. Refusha mstari ambapo ukuta wa kulia unakutana na dari, kisha kingo za juu za madirisha ya ukuta huohuo. Mistari hiyo haikutani kwenye kioo, kama wengi wanavyotarajia, bali mlangoni, karibu na mkono wa Nieto. Maana yake ni kwamba jicho lililokusudiwa kuitazama picha liko mkabala na mlango, na kwa kuwa kioo kiko kushoto kwake, mtu aliye hapo angeona ndani yake kitu kilicho kushoto zaidi, yaani uso wa ile turubai. Kwa maoni yangu, basi, kioo kinatuonyesha picha ya mfalme na malkia inayochorwa, ingawa wataalamu bado wanabishana.

(Msalaba mwekundu kifuani mwa mchoraji usikuchanganye: alipewa heshima ya Santiago, chama cha mashujaa wa Hispania chenye msalaba huo kama alama yake, mwaka 1659, hivyo uliongezwa baadaye.)

Mwishowe mrudie Nieto, aliyeweka miguu juu ya vidato viwili tofauti, asijulikane kama anaingia au anatoka. Kutoka hapo aliposimama, uso wa turubai na mahali ulipo wewe vyote viko mbele ya macho yake.