Pawasaplai ya transfoma kwa amplifaya ndogo: anza na hesabu ya volti

Bodi ndogo za amplifaya zenye chipu ya TPA3116D2 bei yake ni nafuu na sauti yake si ya kubeza. Kinachoziangusha ni umeme tunaozilisha. Weka taarab ya zamani ya Black Star, wana wa hapa hapa Tanga, kisha fungulia sauti. Kama adapta ni hafifu, gitaa la besi likigonga volti zinashuka na sauti ya mwimbaji inaanza kukwaruza. Ukiwa na chaji nzima ya laptop ya volti 19, ampea 4 au zaidi, ijaribu kwanza, huenda ikakutosha. Kama haikutoshi, au unapenda kuunda pawasaplai (kifaa cha kulisha umeme) utakayoweza kuitengeneza mwenyewe miaka ijayo, twende kazi.

Hatua ya 1: Piga hesabu kabla ya kwenda dukani

Hapa ndipo bodi nyingi zinapoungulia. Mtu anaambiwa amplifaya inatumia volti 24, anakwenda kununua transfoma ya volti 24. Transfoma inatoa umeme wa AC, yaani unaogeuka mwelekeo kila mara, na amplifaya inataka wa DC, wa mwelekeo mmoja. Ukishapita kwenye daiodi (zinazoruhusu umeme upande mmoja tu) na kujaza kapasita (inayohifadhi umeme), volti zinazidishwa kwa 1.41, ukitoa kama 1.4 zinazoliwa na daiodi. Kwa hiyo 24 inakuwa zaidi ya 32, na chipu hii mwisho wake ni 26.

Hata transfoma ya volti 18 siishauri. Kwenye karatasi inakupa 24, lakini transfoma isiyo na mzigo hupanda kwa takriban asilimia 10, na umeme wa nyumbani, ambao kwa kawaida ni volti 230, usiku unaweza kufika 250. Piga tena hesabu kwa hali hiyo: unapata kama 29. Chukua ya volti 15, ampea 5. Kwa kawaida itakupa karibu 20, na hali ikiwa mbaya kabisa itafika 24. Chipu iko salama, na nguvu utakayopoteza sikio halitaigundua.

Hatua ya 2: Vifaa vingine

Briji ya daiodi KBPC2510 (daiodi nne ndani ya kifaa kimoja), kapasita 2 za mikrofaradi 10,000 za volti 35, rezista ya kiloomu 2.2 ya wati 1, fyuzi ya polepole (isiyokatika kwa mshtuko mfupi wa kuwasha) ya ampea 1 na kishikio chake, swichi, boksi la chuma, na plagi ya pini tatu.

Kwenye kapasita usibane pesa. Baada ya briji umeme unapwita mara 100 kwa sekunde, na kapasita ndiyo inayoshikilia volti kati ya pigo na pigo. Amplifaya ikivuta ampea 2, mikrofaradi 20,000 zitayumba kwa takriban volti 1. Ukiweka 2,200 tu, kwa makadirio hayo hayo zinayumba volti 9, na utausikia mvumo kwenye spika.

Hatua ya 3: Upande wa volti 230

Upande huu unaua, kwa hiyo plagi iwe imechomolewa kabisa. Waya wa laivu (wenye moto) upite kwenye fyuzi, kisha swichi, ndipo uingie kwenye transfoma. Nyutro (waya wa kurudisha umeme) iende moja kwa moja. Ethi (waya wa ardhini) ifungwe kwenye boksi kwa skrubu yake peke yake, na kwanza kwangua rangi mpaka chuma king'ae. Funika kila kiungo.

Hatua ya 4: Upande wa volti ndogo

Nyaya mbili za transfoma zisokote pamoja hadi kwenye alama za ~ za briji. Chanya na hasi za briji ziende kwenye kapasita zote mbili, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Mstari uliochorwa ubavuni mwa kapasita ni upande wa hasi, na ukiugeuza kapasita inaweza kupasuka. Rezista iunge sambamba na kapasita ili izimwage umeme ukizima. Subiri dakika 4 kabla ya kugusa ndani.

Sasa jambo linalopuuzwa mno: nyaya za kwenda kwenye amplifaya zichukue kwenye miguu ya kapasita yenyewe, usizichukue kwenye briji. Kati ya briji na kapasita mkondo unapita kwa mapigo makali, na ukiunga hapo mapigo hayo yanaingia kwenye muziki.

Hatua ya 5: Kujaribu

Usiunge amplifaya bado. Tanguliza balbu ya zamani ya waya, wati 60, kwenye laivu, ili umeme upitie kwanza ndani ya balbu ndipo ufike kwenye transfoma. Ikimulika kidogo kisha ikafifia, mambo safi. Ikibaki inawaka kwa nguvu, chomoa: kuna shoti. Ondoa balbu, pima volti. Zikiwa chini ya 25, zima, subiri, unga amplifaya.

Sisi wa karibu na bahari, Raskazone na Chumbageni, tuna kazi moja ya ziada. Hewa ya chumvi huota kutu ya kijani kwenye shaba, kwa hiyo kila kitu kikishafanya kazi, paka vanishi kwenye viungo vya lehemu.

Mvumo ukibaki, chomoa waya wa muziki. Ukinyamaza, pawasaplai yako haina kosa. Mara nyingi ni ethi mbili zinazokutana kupitia king'amuzi au kompyuta. Chomeka vyote kwenye ekstensheni moja, na usikate waya wa ethi.