Kuondoa nitrojeni kwenye majitaka bila kuwasha bloa usiku na mchana

Mwongozo huu ni wa anayesimamia mtambo mdogo wa matope hai (matope yenye bakteria wanaosafisha majitaka), wa hosteli au hospitali, huku Nyanda za Juu Kusini. Nimeuandika baada ya kumsaidia fundi mwenzangu wa Uyole: bili ya umeme ilimlemea, na nitrati bado ilikuwa juu. Bloa yake, yaani mashine ya kupuliza hewa ndani ya majitaka, ilikuwa haizimwi.

1. Pima amonia, nitrati na pH ya maji yanayotoka.

2. Punguza kutoa matope kabla ya baridi ya Juni na Julai. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitrati huzaana polepole, na baridi huwachelewesha zaidi.

3. Funga taima kwenye bloa. Kazi yenyewe iko hapa. Anza na saa moja ya hewa, saa moja bila hewa. Wakati wa hewa, kila gramu ya nitrojeni ya amonia hula takribani gramu 4.6 za oksijeni. Ukizima, bakteria wengine hupumua kwa oksijeni iliyomo kwenye nitrati, na nitrojeni hupaa ikiwa gesi. Hapo unaokoa karibu gramu 2.9 za oksijeni kwa kila gramu ya nitrojeni, bure kabisa. Lakini bakteria hao hawafanyi kazi na njaa: majitaka mabichi yaingie bloa ikiwa imezimwa. Kikorogeo kiendelee kuzunguka ili matope yasitulie chini.

Saa hizo usizikariri. Fuata mzunguko mzima, ukipima kila dakika 15. Amonia ikiisha na bloa bado inanguruma, unachoma umeme. Nitrati ikiisha na bloa bado imezimwa, matope yatakuwa meusi na kunuka yai viza. Usiku majitaka ni machache, kwa hiyo upange vipindi vyake peke yake.

Mimi naziamini karatasi za kupimia kuliko kihisi ghali kisichosafishwa. Ute ukiganda kwenye kihisi cha oksijeni, kinasoma chini ya ukweli, na bloa inayokitii hupuliza kupita kiasi.

4. Oksijeni ya miligramu 1.5 hadi 2 kwa lita yatosha. Rekebisha kihisi kwa mwinuko wa mahali. Mbeya mjini ni kama mita 1,700, na maji ya huku hubeba oksijeni pungufu kuliko ya pwani.

5. pH ikikaribia 6.5, ongeza chokaa iliyokorogwa ndooni, kidogo kidogo, kisha pima tena.