Kabla hujachagua lugha ya programu, chukua daftari la kikoba

Mpwa wangu alinipigia Desemba akiwa na fomu ya chuo mkononi. Anatakiwa kuchagua aanze na lugha gani ya programu: C, Java au Python. "Mjomba, ipi ina hela?" Nikamwambia aje kwanza hapa Muheza, ninakotunza chumba cha kompyuta cha shule ya kutwa, na aje na daftari la kikoba la mama yake.

Nawe tafuta daftari la namna hiyo: la kikoba, la genge, la bodaboda, lolote lenye hesabu ambayo jibu lake unalijua kabla kompyuta haijalijua. Letu lilikuwa na faida ya shilingi 85,000 ya kugawiwa wanachama 6. Andika mgao huo katika kila lugha unayoifikiria, jioni moja kwa lugha moja, ukianza na mfano mfupi wa mtu mwingine na kuugeuza uwe wako.

Kwa C tulipata 14166. Mpwa wangu, mtoto wa mweka hazina, akachukua kalamu akazidisha kwa 6, ikaja 84,996. "Shilingi nne kala nani?" Hakuna aliyekula. Ukiipa C namba nzima mbili izigawe, inakata desimali bila kuaga. Python 3 ilileta 14166.66 na mkia mrefu, na hakuna mwanakikoba anayelipwa theluthi mbili za shilingi. Humo unaandika mistari miwili ya mlazo, //, upate namba nzima, kisha alama ya asilimia ikupe salio, yaani zile 4. (C nayo inayo hiyo alama ya asilimia, ila lazima kwanza ujue kwamba kuna kitu kimepotea.) Tukajaribu na JavaScript, ingawa haikuwa kwenye fomu. Mgao ulikuja na desimali kama wa Python. Ila tulipojumlisha hisa ya 5000 iliyosomwa kama maandishi na namba 2000, ilitupa 50002000 bila haya. Python kwa jambo hilohilo iligoma, ikasema kosa liko wapi.

Jioni hizo usikimbilie kufaulu. Kosea makusudi. Kwenye C futa nukta mkato (;) moja, na huenda ukaona kompyuta inalaumu mstari unaofuata. Kwenye Python vuruga nafasi za mwanzo wa mstari, maana kwake nafasi hizo ni sarufi. Kwenye mashine zangu zenye vitufe vilivyolika hilo ni balaa la kila wiki. Malalamiko yote huja kwa Kiingereza, tena cha mkato. Lugha ambayo lalamiko lake umelielewa na kulirekebisha bila kumpigia mtu simu, iwekee alama.

Mashine nayo iangalie mapema. Kompyuta zetu zina RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 2. Mwaka juzi kijana mmoja alitaka kutengeneza programu za simu, na Android Studio, chombo cha kuziandikia, yenyewe inataka GB 8 kwa uchache. Alimaliza muhula akitazama alama ya kusubiri ikizunguka. Java ya kawaida, C na Python zinakwenda kwenye mashine kuukuu bila shida. JavaScript inahitaji kivinjari tu. Kama huna kompyuta kabisa, Python inaandikika kwenye simu ya Android kwa programu iitwayo Pydroid 3, na ukishaipakua huhitaji bando kufanya zoezi.

Lakini kinachozidi yote haya ni mwalimu. Nenda chuoni au shuleni kabla ya kujaza fomu, umpelekee programu yako yenye kosa, uone anavyolitafuta. Mwenye lugha yake atasoma, atakuna kichwa, atalipata mbele yako. Ambaye anasoma slaidi atakwambia urudi kesho. Mwalimu hodari wa C ni bora kuliko wa Python aliyeijua wiki iliyopita. Ukikosa mwalimu kabisa, hapo chukua Python usisumbuke.

Na ile hela? Mfumo wa DHIS2, unaokusanya takwimu za afya hapa Tanzania na nchi nyingine nyingi, sehemu kubwa ya mitambo yake imeandikwa kwa Java, lugha ya mwaka 1995 ambayo vijana wangu wanaiita ya wazee. Mimi mwenyewe nilianzia Pascal, ambayo Niklaus Wirth aliitoa mwaka 1970 akilenga kufundishia. Sijawahi kulipwa hata senti kwa Pascal. Ila vigeu (majina yanayobeba thamani), masharti (kama hivi, fanya vile) na vitanzi (kurudia kazi) nilivyovielewa humo ndivyo ninavyofundishia mpaka leo, kwa lugha nyingine. Ukishachagua, kaa nayo mwaka mzima. Wanaohama kila likizo huja kwangu wanajua kuandika "Habari dunia", zoezi la kwanza la wanaoanza, kwa lugha tano na hawajui kugawa 85,000.

Mpwa wangu alijaza C. Mwalimu wake alilipata kosa kwa dakika mbili, akamuuliza na la ziada. Sasa programu yake inachapisha zile shilingi 4 kwenye mstari wake, "salio", na dada yangu anataka kujua zinakaa kwa nani.