Kubaki kwenye jaribio la dawa wakati milango ya hospitali imefungwa

Mwanangu ana ugonjwa wa Duchenne, ule unaodhoofisha misuli mwaka hadi mwaka, na karibu wote wanaougua ni wavulana. UVIKO-19 ilipotangazwa kuwa janga la dunia, Machi 2020, alikuwa kwenye jaribio la dawa. Kliniki ikafuta miadi yote.

Usikae ukisubiri kupigiwa. Mpigie muuguzi wa utafiti umuulize: jaribio limesimamishwa, au ni miadi tu iliyoahirishwa? Mimi nilikaa wiki tatu nikilia kwamba tumeachwa, kumbe walikuwa wakitafuta namna ya kutuletea dawa nyumbani. Uliza italetwa na nani, itunzwe kwenye baridi kiasi gani, na damu ikapimwe wapi. Utaratibu ukibadilika, omba maelezo ya maandishi kabla ya kukubali.

Kazi kubwa ni daftari. Ugonjwa ukiwa adimu, washiriki huwa wachache, na taarifa za mgonjwa mmoja zikikosekana pengo linaonekana. Kipimo chetu kikuu kilikuwa kutembea dakika 6 huku wakihesabu mita. Hicho hakifanyiki kwa simu, na kwa mtoto anayepungukiwa nguvu, matembezi ya Aprili huwezi kuyapima Agosti. Nikamuuliza muuguzi ni nini kingine kitawafaa. Akataka tarehe na saa ya kila dozi, kila alipoanguka, kila homa, na kila dawa nyingine aliyomeza. Andika siku hiyohiyo. Dozi iliyorukwa iandike pamoja na sababu yake, wala usimpe mbili kufidia. Chupa tupu na dawa iliyobaki usitupe, watazihesabu. Ukitaka kumrekodi video akiinuka kutoka sakafuni, waulize kwanza kama wataipokea.

Kuna jambo lisilohusu utafiti ambalo nakusihi ulishike. Watoto wengi wa Duchenne hutumia steroidi, dawa ya kupunguza kasi ya misuli kudhoofika, kila siku, na mwili ukishaizoea hupunguza kutengeneza homoni yake. Kuikatiza ghafla kunaweza kuua. Agiza mapema, kabla duka la dawa halijaishiwa. Akipata homa, au akitapika dawa, piga simu hospitali saa hiyohiyo. Mlangoni weka bahasha yenye jina la ugonjwa, dawa zake zote na simu ya daktari wa utafiti, maana daktari wa zamu huenda hajawahi kumwona mgonjwa kama wako.

Ukiona hatari ya safari imezidi, una haki ya kujitoa, na matibabu yake ya kawaida hayapaswi kuguswa. Ila uliza kwanza kama mnaweza kuacha safari tu, mkaendelea kufuatiliwa kwa simu. Sisi tulifanya hivyo miezi mitano. Aliporudi kupimwa, mita zilikuwa zimepungua, na daftari lilionyesha ni wiki gani alianza kushika ukuta.