Namna ya Kutengeneza Nyuzi za Vitambaa Zinazozuia Vijidudu kwa Muda Mrefu

Dawa ya kuzuia vijidudu iliyopakwa tu juu ya kitambaa huondoka pamoja na maji ya kufulia. Kwa hiyo mtengenezaji, kabla hajachagua dawa yoyote, hana budi kuamua itakaa wapi: ndani ya uzi wenyewe, au juu yake ikiwa imefungwa kwa kemikali.

Njia ya ndani huzifaa nyuzi zinazotokana na plastiki iliyoyeyushwa, kama vile poliesta, nailoni na polipropilini. Poliesta huyeyuka kwenye joto la karibu nyuzi 260 za Selsiasi, na husukumwa kupitia matundu ya mashine ikiwa na joto kubwa zaidi ya hapo, hivyo dawa nyingi za kikaboni huharibika au kugeuka mvuke kabla uzi haujapoa. Zinazostahimili ni zile za madini: ioni za fedha (chembe ndogo mno za fedha zenye chaji ya umeme) zilizobebwa na zeolaiti, yaani madini yenye vitundu vidogo sana, au kioo kinachoyeyuka polepole katika maji, oksidi ya zinki, au oksidi ya shaba, ingawa hii ya mwisho hutia uzi rangi na haifai kwa vitambaa vyeupe.

Uzi mmoja mwembamba una kipenyo cha takribani mikromita 10 hadi 15, kwa hiyo chembe za dawa zinapaswa kuwa chini ya mikromita 1, la sivyo uzi utakatika wakati wa kuvutwa. Changanya unga huo kwanza na plastiki ileile kwa kiwango kikubwa, kisha uupunguze makali kwa plastiki safi wakati wa kusokota. Poliesta ikaushwe mpaka unyevu wake uwe chini ya sehemu 50 kwa milioni, kwa sababu katika joto hilo maji hukata minyororo ya molekuli zake. Na wengi husahau kwamba zeolaiti nayo hufyonza maji kwa wingi, hivyo ikaushwe vilevile. Shinikizo likipanda upesi kwenye chujio, chembe zimegandamana na uchanganyaji urudiwe.

Dawa iliyozikwa katikati ya uzi haina faida kubwa, kwani bakteria hukaa juu. Mashine ikiruhusu, sokota uzi wa tabaka mbili na uweke dawa katika tabaka la nje pekee. Kumbuka pia kwamba ioni husafiri kwa msaada wa unyevu: nailoni huzitoa kwa urahisi kuliko polipropilini, ambayo hainywi maji karibu kabisa.

Pamba haiyeyuki, hivyo hutibiwa kwa nje. Kitambaa huchovywa katika kimiminika chenye silani (kemikali ya kushikiza yenye silikoni) iliyounganishwa na amonia ya kwatenari, ambayo ndiyo dawa yenyewe, hukamuliwa kati ya rola, kisha hukaushwa kwa joto ili silani ijifunge kwenye selulosi, yaani kiini cha pamba. Rangi ya bluu ya bromofenoli hushika penye dawa na kuonyesha kama imeenea sawasawa.

Upimaji ndio unaotenganisha dai na ukweli. Fua sampuli kwa utaratibu wa ISO 6330 kwa idadi ya mifuo unayokusudia kuahidi, ndipo uipime kwa ISO 20743 dhidi ya bakteria Staphylococcus aureus na Klebsiella pneumoniae. Matokeo huhesabiwa kwa logi ukilinganisha na sampuli isiyo na dawa, yaani 2 ni bakteria pungufu mara 100 na 3 ni mara 1,000: ya 2 hadi chini ya 3 huhesabiwa kuwa ya maana, na 3 au zaidi kuwa yenye nguvu. Sampuli ya kulinganishia, isiyo na dawa, ifuliwe vivyo hivyo, na zote zisuuzwe vizuri, kwa maana mabaki ya sabuni huweza kuua bakteria na kukupa ushindi wa uongo.

Bidhaa itakayouzwa katika Umoja wa Ulaya itumie dawa inayoruhusiwa chini ya kanuni 528/2012, inayosimamia dawa za kuua viumbe waharibifu. Lebo ya kufulia nayo ifuate kemia ya ndani: klorini huweza kudhoofisha na kubadilisha rangi ya uzi wenye fedha, ilhali kitambaa kilichotibiwa kwa halamini (dawa inayofanya kazi kwa klorini iliyoibeba) huihitaji klorini hiyohiyo ili kirudishiwe nguvu yake.