Kulisha aksoloti mchanga na kumkinga na maradhi

Kwa aksoloti mdogo, yule amfibia wa majini mwenye matamvua ya nje, chakula na maradhi havitengani. Chakula asichokimaliza huoza, uozo hutoa amonia, amonia huunguza matamvua, na mnyama aliyeungua huacha kula. Mfugaji akiona hataki kula, anamwongezea chakula ili kumbembeleza, na mambo yanazidi kuharibika. Ndiyo maana mtu anayejua kulisha vizuri huhitaji dawa mara chache sana.

Wiki za kwanza

Anapoanguliwa ana urefu wa sentimita 1 hivi, miguu bado, na kwa siku 2 au 3 anaishi kwa kiini cha yai kilichobaki tumboni. Usimpe kitu. Kiini kikiisha, atataka chakula hai tu, kwa kuwa katika umri huu anarukia kile kinachotikisika mbele ya pua yake. Chembe kavu au chakula kilichogandishwa hatakigusa.

Chakula cha kutegemewa ni artemia, wale uduvi wadogo wa maji ya chumvi, walioanguliwa siku hiyohiyo. Weka lita 1 ya maji, gramu 25 hadi 30 za chumvi na nusu kijiko cha chai cha mayai ya artemia kwenye chupa. Chupa ikae kwenye mwanga na joto la nyuzi 26 hadi 28, na pampu ya hewa isizimwe. Baada ya saa 24 hadi 36, zima pampu na usubiri dakika 10. Maganda yataelea juu, na artemia wenyewe watajikusanya chini upande wenye mwanga. Wanyonye kwa mrija mwembamba, uwachuje kwenye kitambaa kilichoshonana, kisha uwasuuze kwa maji yasiyo na klorini. Usiruke hatua ya kusuuza, maana bila hiyo unamwaga chumvi ndani ya chombo cha mtoto mara mbili kila siku. Maganda nayo usiyachote, kwa sababu hayameng'enyeki na yanaweza kuziba utumbo mwembamba kama uzi.

Lisha asubuhi na jioni. Ngozi ya tumbo bado ni angavu, kwa hiyo aliyeshiba utamjua kwa tumbo lililojaa rangi ya chungwa. Tumbo likiwa tupu baada ya nusu saa, huyo hajapata kitu. Artemia hufa baada ya saa chache kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, hivyo nyonya mabaki kwa pipeti kabla hayajaoza. Dafnia, viroboto wadogo wa majini, ni wazuri pia, na wana faida ya kuishi majini hadi waliwe. Ila wale wa kuchotwa bwawani huweza kuja na mabuu ya kereng'ende, na hao humla aksoloti mdogo badala ya kuliwa naye.

Miguu ya mbele hutoka kwanza, ya nyuma hufuata. Hapo ndipo ndugu huanza kung'atana. Chochote kinachosogea ni chakula kwao, hata mguu wa mwenzake. Kiungo kilichokatwa huota tena, lakini jeraha kwenye maji machafu hushika fangasi haraka. Kuwalisha sana hupunguza kung'atana bila kukumaliza. Njia ya uhakika ni kumpa kila mmoja chombo chake cha lita 1 au 2 na kubadilisha maji yote kila siku, kwa maji yenye joto lilelile na yaliyoondolewa klorini.

Akishaota miguu yote

Sasa anaanza kunusa chakula na hahitaji tena kukiona kikitembea. Mzoeze kwa kibanio chenye ncha butu: shika kipande, kitikise polepole karibu na pua, umwachie. Aksoloti hatafuni. Hufungua kinywa ghafla na kuvuta maji pamoja na kila kilichopo mbele yake, kisha humeza. Kwa hiyo kipande kisizidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho yake. Kwa sababu hiyohiyo changarawe haifai kabisa, kwani ataimeza. Hadi afikishe sentimita 15, sakafu ya tangi iwe tupu. Baada ya hapo mchanga laini sana unakubalika.

Nyungunyungu ndiye chakula bora cha kumkuza, na sioni sababu ya kutafuta kingine kama unampata. Mkate vipande, umsuuze udongo, na usimchimbe mahali palipopuliziwa dawa za wadudu au kuwekwa mbolea. Wale wembamba wekundu wa kwenye mboji hutoa majimaji machungu, na wengi watawatema. Wachovye sekunde chache kwenye maji ya moto, uwasuuze, ndipo uwape. Chembe za chakula zinazozama, laini na zenye protini nyingi za samaki, hufaa kama akiba. Mabuu mekundu yaliyogandishwa wanayapenda mno, lakini kwa aliyekwisha kukua kidogo hayatoshi yakiwa peke yake.

Samaki wadogo hai waache. Huleta vimelea, baadhi yao wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na wengine hugeuka kudonoa matamvua. Nyama ya ng'ombe au kuku haifai kuwa chakula cha kila siku, na mabuu yenye ganda gumu ni mzigo kwa utumbo.

Aliye chini ya sentimita 8 ale mara mbili kwa siku. Kutoka hapo hadi 15, mara moja. Akivuka 18, kila baada ya siku 2 au 3. Kipimo cha afya ni tumbo: likitazamwa kutoka juu, liwe na upana unaokaribiana na wa kichwa. Mabaki yatolewe ndani ya nusu saa.

Pima maji kabla ya kutafuta dawa

Joto liwe nyuzi 16 hadi 18, na lisipite 20. Likifika 24 anateseka, hamu ya kula inapotea na fangasi inapata nafasi. Feni inayopuliza juu ya maji hushusha nyuzi kadhaa na ni salama kuliko chupa za barafu, ambazo hupandisha na kushusha joto mara kwa mara. Amonia na nitriti ziwe 0, nitrati chini ya miligramu 20 kwa lita. Amonia hudhuru zaidi kadiri joto na pH (kipimo cha asidi ya maji) vinavyopanda, kwa hiyo kipimo kilekile huweza kuwa kibaya zaidi wakati wa joto. Tangi lenye filta huhitaji kati ya wiki 4 na 8 za kukuza bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, kabla ya kumwingiza mnyama. Kabla ya hapo filta inazungusha maji tu. Na usitegemee kuyaacha maji ya bomba yakae usiku kucha: klorini hutoka, lakini kloramini, yaani klorini iliyoungana na amonia, haitoki. Tumia dawa ya kuiondoa, isiyo na aloe vera.

Ngozi nyekundu yenye mabaka na matamvua yanayosinyaa ni ishara za amonia. Badilisha maji mara moja, hata kabla ya kujua chanzo. Matamvua yaliyokunjwa kuelekea mbele mara nyingi yanamaanisha mkondo wa filta ni mkali. Ncha ya mkia iliyojikunja ni dalili ya usumbufu wa jumla.

Anayeelea saa moja huenda amemeza hewa. Anayeelea siku nzima, mkia juu, asipewe chakula kwa siku 2 au 3. Punguza kina cha maji na uyapoze taratibu hadi nyuzi 15 au 16. Asipopata choo, na sakafu ilikuwa na mawe, anahitaji picha ya eksirei.

Nyuzi nyeupe kama pamba kwenye matamvua ni fangasi. Kwa aliyezidi sentimita 8, koroga gramu 10 za chumvi isiyo na madini joto katika lita 1 ya maji yenye joto sawa na la tangi. Mweke humo dakika 10 kwenye chombo cha pembeni, kisha umrudishe. Rudia mara moja au mbili kwa siku, kwa siku 3. Akianza kujipigapiga, mtoe hata kama muda haujaisha. Usiivute ile pamba kwa kibanio, na usiweke chumvi ndani ya tangi. Dawa za samaki zenye shaba, fomalini au malakaiti kijani zisimkaribie, kwa kuwa ngozi yake hufyonza karibu kila kitu.

Mdogo aliyekataa chakula siku 3 mfululizo huku maji yakiwa safi na joto likiwa sawa, apelekwe kwa daktari wa wanyama anayejua amfibia. Beba vipimo vya maji vya siku hizo, na maji ya tangi kwenye chupa tofauti na chombo anachosafiria.